Mgeni Asiyejulikana Akae Barazani

Wanachama wengi wametuuliza, wengine kwa barua na wengine kwa kutusimamisha njiani, kwa nini malipo ya wachumaji katika msimu uliopita yalichelewa siku 11, na kwa nini karani wetu alionekana usiku na mchana akiandika upya daftari la wanachama kwa mkono, hali ya kuwa chama kina kompyuta yake. Wana haki ya kuuliza. Pishi zilizoandikwa katika daftari lile ni jasho lao na la watoto wao, na mchumaji aliyeshinda kutwa juu ya mkarafuu hawezi kuambiwa jioni kwamba jina lake limepotea. Basi twaona ni bora tuyaeleze mambo kama yalivyokuwa, kisha tuseme shauri letu, kwani shauri hilo litaletwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, nasi hatupendi wanachama walisikie hapo kwa mara ya kwanza.

Yaliyotokea ni haya. Asubuhi moja, katikati ya msimu, ilifika afisini barua pepe yenye kiambatisho kilichopewa jina la "Bei Mpya ya Karafuu". Ni nani katika kisiwa hiki asiyetaka kuijua bei mpya ya karafuu? Aliyeileta barua alijifanya ni mtu tunayefanya naye shughuli, na jina lililoonekana juu yake lilikuwa la mtu huyo kweli, ila anwani iliyojificha nyuma ya jina ilikuwa nyingine kabisa. Karani akaifungua. Ukatokea ukurasa wa kijivu wenye maneno ya kusema kwamba ili kuziona bei ni lazima abonyeze kitufe cha kuruhusu, akabonyeza. Bei hakuziona. Kufika adhuhuri kila faili katika kompyuta ile lilikuwa limebadilika jina, halifunguki, na juu ya kioo pametokea tangazo la kudai fedha ili tufunguliwe.

Hatukulipa, wala hatukuwa na cha kulipia. Nakala ya akiba tulikuwa nayo, lakini ilikuwa katika flashi iliyochomekwa katika kompyuta ile ile, nayo ikafungwa pamoja na vingine. Kilichotuokoa ni daftari la karatasi na stakabadhi za mizani, vitu ambavyo baadhi yetu (na sisi tunaoandika haya tumo) tulikuwa tumekwisha kuvicheka katika mkutano kwamba ni mambo ya zamani.

Wako wanaosema karani afukuzwe. Sisi hatuafiki, wala hatutaafiki. Kazi ya karani ni kufungua barua. Ukimwajiri mtu kufungua barua, kisha ukamlaumu kwa kufungua barua, umemwonea. Tena aliyeiandika barua ile alikuwa anatujua: alijua kwamba huu ni msimu, alijua tunangoja nini, akatega mtego wake kwa chambo hicho. Mtu wa namna hiyo akimkosa karani leo atampata katibu kesho, na keshokutwa atampata mhariri wa jarida hili.

Hapa pana jambo ambalo hatukulijua mpaka fundi alipotueleza, nalo ndilo lililotufanya tukae tukafikiri. Tangu mwaka 2010 programu ya Word na ndugu zake zimekuwa na desturi ya kulifungua faili lililotoka katika intaneti kwa hali ya ulinzi. Faili hilo lasomwa tu, limezungushiwa ua, haliwezi kugusa kitu kingine katika kompyuta. Ule mstari wa manjano unaotokea juu ya ukurasa, ambao sote tumezoea kuubonyeza bila kuusoma, ndiyo alama ya ua huo. Maana yake ni kwamba karani wetu alikuwa salama mpaka pale alipobonyeza. Mwizi hakuvunja mlango. Alimwomba mwenye nyumba amfungulie, akafunguliwa, na zile amri ndogo zilizofichwa ndani ya faili, ziitwazo makro, zikapata kufanya kazi yake. Ni kweli kwamba watengenezaji, Microsoft, mwaka 2022 walianza kuzizuia makro zitokazo katika intaneti. Lakini Word yetu ni ya zamani, na zuio hilo halikutufikia.

Sasa, baada ya msiba ule, maoni yamegawanyika. Mweka hazina wetu ataka tununue antivairasi iliyo bora, tulipe kila mwaka, basi. Wazee kadhaa wa matawi ya mashambani wamesema turudi kwenye karatasi moja kwa moja. Kwa hao wazee tuna heshima zaidi kuliko tulivyokuwa nayo mwaka jana, na sehemu ya shauri lao twalichukua: kila Ijumaa daftari la kompyuta lichapishwe katika karatasi na kutiwa saini. Lakini kurudi kwenye karatasi tu hakufai. Hesabu za mikopo ya majamvi, miche iliyogawiwa na ujira wa wachumaji kambi kwa kambi zilikuwa zikimchukua karani wiki mbili kuzifunga. Kwa kompyuta azifunga kwa siku moja. Wanachama wamezoea kulipwa upesi, na watu hawarudishwi katika kungoja kwa sababu ya barua moja ya mwongo.

Ama antivairasi, hatuipingi. Iwepo. Ila wanachama wajue inavyofanya kazi, wasije wakaifanya hirizi. Antivairasi ni kama mlinzi wa ghala aliyepewa picha za wezi. Mwizi aliyemo katika picha atamkamata. Aliye mgeni humtazama mwendo wake tu, na pengine humshuku na pengine humwacha apite. Taasisi ya AV-TEST ya Ujerumani imekuwa ikisema kwamba kila siku huandikisha programu hasidi na zisizotakiwa, mpya, zaidi ya 400,000. Ni mlinzi gani atakayekariri sura hizo zote? Kompyuta yetu ilikuwa na antivairasi asubuhi ile. Ilinyamaza.

Tuseme sasa shauri letu. Wazee wetu walipojenga nyumba zao hawakumjua kila apitaye njiani, wala hawakuwa na picha za wezi. Walijenga baraza. Mgeni akipiga hodi hakaribii kwenye ghala wala kwenye sanduku la mwenye nyumba. Huketishwa barazani, akapewa kahawa, akasikilizwa habari zake, na akiwa mtu wa kheri ataondoka kwa kheri, na akiwa mshari atakuwa ameona ukuta na mkeka tu. Hakuna anayetukanwa kwa kuketishwa barazani, na mwenye nyumba halazimiki kumpima mtu moyo wake kabla ya kumpa kiti. Kompyuta nayo yaweza kujengewa baraza. Jambo hili lipo, lina miaka mingi, na sehemu yake kubwa ni ya bure. Ila sisi hatukuwa nalo.

Baraza hilo ni la namna mbili. Ya kwanza huitwa sandiboksi. Hiyo ni programu inayoizungushia ua programu nyingine. Ile iliyomo ndani ya ua hudhani kwamba inaandika katika diski ya kompyuta, kumbe yaandika mahali pa kando palipotengwa. Hudhani imebadilisha mipangilio, kumbe imebadilisha nakala. Ukimaliza shughuli wafagia pale mahali pa kando, na kompyuta yako iko kama ulivyoiacha. Iliyojulikana sana katika Windows ni Sandboxie, aliyoitoa Ronen Tzur mwaka 2004. Imepita mikononi mwa makampuni mawili, na tangu mwaka 2020 msimbo wake umewekwa wazi kwa mtu ye yote kuutumia. Wanachama wasidhani kwamba haya ni mambo ya mbali. Kivinjari cha Chrome, tangu kilipotolewa mwaka 2008, huufungia kila ukurasa wa intaneti katika ua wake wenye haki chache. Na simu ya Android iliyomo mfukoni mwako huipa kila programu makao yake peke yake, ndiyo maana programu ya tochi inapotaka kusoma majina ya watu katika simu yako inalazimika kukuomba ruhusa. (Tochi ya nini kujua majina ya watu? Mkatalieni.)

Namna ya pili ni kompyuta pepe. Hapa hatuzungumzii ua bali nyumba nzima ya pembeni: programu moja huigiza kompyuta kamili, yenye diski yake, memori yake na kadi yake ya mtandao, na ndani yake watia mfumo kamili kama unavyotia katika kompyuta ya kununua dukani. Ukiitazama ni dirisha tu juu ya kioo chako. Vilivyomo ndani havijui kwamba nje kuna kompyuta nyingine yenye daftari la wanachama. Jambo hili si la jana. Katika miaka ya 1960 wahandisi wa kampuni ya IBM mjini Cambridge, Massachusetts, walitengeneza mfumo ulioitwa CP-40, ulioanza kutumika mwaka 1967, ambao uliigawa kompyuta moja kubwa ikawa kama kompyuta hata 14, kila mtumiaji akiwa na yake, na akiiangusha ya kwake haiangushi ya jirani. Wakati huo kompyuta moja ilijaza chumba. Leo kazi hiyo hiyo yafanywa na kompyuta ya mkononi yenye memori ya GB 8, kwa programu kama VirtualBox, ambayo hailipiwi.

Uzuri wa kompyuta pepe ambao kwetu sisi una faida kuliko wote ni picha ya hali. Ukiisha kuitengeneza ikawa safi, waipiga picha, yaani wahifadhi hali yake yote ilivyo saa ile. Kisha itumie. Ikiambukizwa, ikaharibika, ikatokea tangazo la kudai fedha juu ya kioo chake, wewe hubishani nalo. Wairudisha kompyuta hiyo katika picha yake ya awali kwa dakika chache, na tangazo limekwenda na mwenyewe. Angalieni tofauti na ule mstari wa manjano. Ua wa Word ulimtegemea karani asibonyeze. Katika kompyuta pepe karani na abonyeze. Atakachoharibu ni baraza, na baraza hufagiwa.

Wako watakaosema kwamba haya ni makubwa mno kwa chama cha wakulima, na kwamba balaa ile iliyotupata imetokana na upumbavu wa barua moja, haitarudi. Basi twawataka wasikilize kilichowapata wakubwa, ambao mbele yao sisi ni kama dau mbele ya meli.

Tarehe 27 Juni, 2017, ilitokea huko Ukraine programu hasidi iliyokuja kuitwa NotPetya, na kwa saa chache ikaenea nchi nyingi. Haikuja kwa barua ya uwongo. Ilikuja ndani ya marekebisho ya kawaida ya programu ya hesabu na kodi iitwayo M.E.Doc, iliyokuwa ikitumiwa na makampuni mengi nchini Ukraine. Wavamizi walikuwa wamekwisha kuingia katika kompyuta za watengenezaji wenyewe, na kutoka huko wakalitia sumu pakiti ambalo kila mteja hulipokea bila kushuku. Serikali za Uingereza na Marekani zilitangaza Februari 2018 kwamba ni kazi ya jeshi la Urusi, Urusi ilikana.

Kampuni ya meli ya Maersk, ya Denmark, ilikuwa na afisi katika mji wa Odesa. Mwandishi wa habari Andy Greenberg, aliyeichunguza habari hii na kuichapisha mwaka 2018, ameeleza kwamba mkubwa mmoja wa fedha katika afisi hiyo aliomba M.E.Doc itiwe katika kompyuta moja. Moja tu. Kutoka hiyo moja ugonjwa ulipita katika mtandao wa kampuni nzima. Kwenye bandari ya Elizabeth, New Jersey, malori ya makontena yalisimama foleni na hapana aliyejua yapokewe au yarudishwe. Gati walilokuwa wakiliendesha karibu na Mumbai, nchini India, ambayo ni mnunuzi wa karafuu zetu tangu enzi za babu zetu, nalo lilikwama. Mwenyekiti wa kampuni alisema huko Davos, Januari 2018, kwamba iliwabidi watie upya mifumo katika seva 4,000 na kompyuta 45,000, kazi walioifanya kwa siku 10. Hasara waliikadiria kuwa dola milioni 250 hadi 300.

Twaomba msomaji asimame hapa kidogo, kwani hapa ndipo lilipo somo la chama chetu. Programu ile ya kodi ilikuwa ya lazima. Hapana aliyekosea kwa kuitaka. Lakini ilikuwa na kazi moja, nayo ni kupeleka hesabu za Ukraine. Haikuwa na haja ya kuziona kompyuta za bandari za New Jersey. Lau ingalikaa katika kompyuta pepe, ikaruhusiwa kutoka nje kwenda kupeleka hesabu zake lakini isiruhusiwe kuzungumza na kompyuta za ndani hata moja, ugonjwa ungalikula kilichomo humo, na kutoka hapo ungalikuta ukuta. Kosa halikuwa kumkaribisha mgeni. Kosa ni kwamba nyumba haikuwa na baraza, na mgeni aliyekuja kwa haja ya sahani moja akapewa funguo za vyumba vyote.

Na waliokokaje? Seva zao zinazohifadhi orodha ya nani ni nani katika kampuni zilikuwa nyingi, zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe ili ikifa moja nyingine isimame. Hilo lilikuwa ni shauri zuri kwa ajali ya moja moja. Lakini ugonjwa uliwafikia zote kwa pamoja, zikafutwa zote. Ikapatikana moja tu nzima, Ghana, kwa sababu wakati ule umeme ulikuwa umekatika huko na seva ilikuwa haimo mtandaoni. Mtandao wa Ghana ulikuwa mwembamba mno kuyapeleka yale yaliyomo, kwa hiyo mtu alipanda ndege na diski mpaka Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanjani, naye akaifikisha Uingereza. Sisi tunaolalamikia umeme kila wiki tumesoma habari hii mara mbili.

Watu wa visiwa hivi hawana haja ya kufundishwa maana yake. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na ya Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu nyingi ni za Pemba. Lau mikarafuu yote ingalikuwa Unguja, pengine leo tusingekuwa na jarida hili wala chama.

Sasa twataka kusema na upande wa pili, kwani hatupendi mwanachama atoke mkutanoni akidhani amenunua kinga isiyopenya. Baraza lina upungufu wake. Kwanza, kuta zake zimejengwa na wanadamu. Mei 2015 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la VENOM, iliyokuwamo katika sehemu ya programu hizi inayoigiza kiendeshi cha zile diski laini za zamani, kitu ambacho karibu hapana aliyekuwa akikitumia tena. Na kwa upenyo huo mtu aliye ndani ya kompyuta pepe angaliweza kutoka nje. VirtualBox nayo ilikuwamo katika zilizoguswa. Ilizibwa mara moja, lakini aliyekuwa haifanyii programu yake marekebisho alibaki na tundu lake. Kwa hiyo baraza hutengenezwa kama paa la makuti: usingoje livuje.

Pili, na hili ndilo linalotutia hofu zaidi, watu wenyewe hutoboa ukuta kwa kutaka urahisi. Programu hizi hukuwezesha kuwa na folda moja inayoonekana ndani na nje, na kunakili neno humu ukalibandika kule. Ni raha sana. Lakini folda ya namna hiyo ni mlango, na ugonjwa unaofunga mafaili utayafunga na yaliyomo humo. Hali kadhalika mtandao: kompyuta pepe iliyoachwa izungumze na kompyuta nyingine za afisini ni baraza lisilo ukuta.

Tatu, ziko programu hasidi zenye hila, ambazo zikiingia hutazama kwanza kama zimo katika kompyuta pepe, na zikijijua kwamba zimo hunyamaza kimya. Ukiwa umefungua faili barazani lisifanye ubaya, usiseme "hili ni safi" ukalichukua ndani. Kunyamaza kwa mgeni si ushahidi wa wema wake.

Na nne, hakuna baraza litakalomzuia mtu kutoa siri yake kwa hiari. Anayepigiwa simu akaambiwa ataje namba ya siri ya pesa zake, akaitaja, hilo halimo katika makala haya. Kadhalika mambo ya benki ya chama yasifanywe ndani ya kompyuta pepe inayopokea wageni, kwani kilichojificha humo chaweza kusoma kila herufi inayoandikwa humo.

Ama la kufanya, shauri letu ni hili, na halmashauri imekwisha kuliona. Kompyuta ya chama iongezewe memori ifike GB 8, kwani kwa GB 4 iliyo nayo kompyuta mbili katika moja zitakwenda kwa kujikokota. Ndani yake itiwe VirtualBox, na ndani ya VirtualBox itiwe Linux pamoja na programu ya LibreOffice ya kusomea barua na majedwali. Wengine watauliza kwa nini si Windows. Ni kwa sababu Windows ya ndani yahitaji leseni yake mbali na ile ya nje, na Linux haihitaji. Tena makro nyingi za wezi zimeandikwa kwa ajili ya Windows. Ipo pia Windows Sandbox, iliyoletwa Mei 2019, ambayo huanza safi kila inapofunguliwa na kupoteza kila kitu inapofungwa; ni kitu kizuri, lakini haimo katika toleo la Home ambalo ndilo tulilo nalo, na hata ingalikuwamo, huja tupu bila ya Word, na mtandao wake huwa wazi mpaka uufunge mwenyewe. Tahadhari moja kwa matawi yatakayotaka kutuiga: VirtualBox yenyewe ni ya bure, lakini kile kifurushi chake cha nyongeza si bure kwa matumizi ya shughuli. Msikitie.

Barua zote zitokazo nje zitafunguliwa humo tu. Flashi za wanachama, za mafundi, za watoto wa skuli wanaokuja kuchapisha, zote zitasomwa humo tu. Folda ya pamoja hapana. Kunakili na kubandika kati ya ndani na nje hapana. Kinachohitajika katika daftari karani atakiandika kwa mkono. Bei ya karafuu ni mistari mitatu, haitamchosha. Kila Jumamosi jioni kompyuta pepe itarudishwa katika picha yake safi, iwe imeambukizwa au haikuambukizwa, na barua za kuhifadhiwa zitachapishwa kabla ya hapo. Nakala ya akiba ya daftari itakuwa katika diski mbili, moja nyumbani kwa mweka hazina na moja kwa katibu, zisichomekwe ila wakati wa kunakili, wala zisichomekwe zote mbili kwa pamoja.

Haya yatamwongezea karani kazi. Twakadiria nusu saa kwa siku, na yeye mwenyewe atwambia ni zaidi. Kwa hiyo twaomba mkutano umfikirie katika mshahara wake badala ya kumfikiria katika kufukuzwa. Gharama ya memori na ya diski mbili mweka hazina ataisoma siku ya mkutano. Twasadiki haifiki ule ujira wa ziada tuliowalipa vijana wawili walioketi siku 11 wakisoma stakabadhi za mizani moja moja.

Mweka hazina angali anaitaka antivairasi yake, nasi tumekubaliana naye kwamba inunuliwe ikiwa fedha itabaki baada ya haya, si kabla.

Fundi atakuwapo afisini Jumamosi mbili kabla ya mkutano, baada ya sala ya alasiri, na ataiharibu kompyuta pepe mbele ya macho ya watu kisha airudishe. Faili la "Bei Mpya ya Karafuu" tumelihifadhi katika diski ya peke yake, na ndilo atakalolifungua. Wanachama wenye shaka ndio hasa tunaowakaribisha, na makatibu wa matawi waje na flashi zao.